Maswali ya Wasomaji: Likizo ya Juni kwa Gari, Kulala kwa Ndugu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: shule zikifungwa Juni, watoto watatolewaje Dar es Salaam, waone milima na historia, wawasalimu ndugu, na wazazi warudi bila deni? Tumechagua barua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa kuwa hesabu yake itawasaidia wengi.

*Habari za kazi. Tuko Tabata, watu wazima wawili na watoto watatu wa miaka 12, 8 na 4. Gari letu ni dogo, injini ya cc 1500. Dada yangu yuko Morogoro, mama mkwe yuko Korogwe. Tuna siku nane na shilingi 600,000. Watoto wanataka kuona milima. Inatosha? Na tupite wapi? — Mama wa watatu, Tabata*

Inatosha, dada, ila msiipange safari kwa kuhesabu miji. Pangeni kwa kuhesabu usiku mtakaolala mahali pamoja. Kinachomaliza fedha ni kuhamahama: kila siku ya kuhama ina chakula cha kununua njiani, soda za watoto, mafuta ya gari na uchovu unaowafanya mseme "basi tulale hotelini tu". Mkiwa na kambi mbili, kwa dada na kwa mama mkwe, mkatoka asubuhi na kurudi jioni, chakula kinapikwa nyumbani na malazi hamlipii. Laleni usiku tatu Morogoro na usiku nne Korogwe.

Umbali wenyewe, kwa makadirio: Tabata hadi Morogoro ni kama kilomita 195. Morogoro hadi Korogwe kwa kurudi Chalinze, kisha Segera, ni kama 280. Korogwe hadi Lushoto na Irente, kwenda na kurudi, ni 160. Kurudi Dar kwa njia ya Msata na Bagamoyo ni karibu 295. Jumla ni 930. Ongezeni 170 za sokoni, kanisani au msikitini, na za kupotea njia, mpate 1,100. Gari la cc 1500 lililobeba watu watano na mizigo lihesabieni kilomita 12 kwa lita hata kama mwenye kuliuza alisema 16. Mzigo, kiyoyozi na foleni ya Kibaha havikuwa kwenye hesabu yake. Hapo ni lita 92. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kama mfano, ni 276,000. Bei halisi ya siku yenu someni kwenye tangazo la EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambalo bei zake kikomo huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mafuta huwa ghali zaidi kadiri mnavyokwenda mbali na bandari, kwa hiyo jazeni tenki Dar, na mkiwa upande wa Korogwe jazeni kabla ya kupanda Lushoto.

Mgawanyo tunaoupendekeza ni huu: mafuta ya gari 280,000, mchango wa chakula kwa wenyeji wawili 120,000, viingilio, mwongozaji na matembezi 80,000, vitu vya njiani 40,000, na 80,000 ya dharura iwekwe kwenye simu ya mmoja wenu, isiguswe. Familia nyingi hukwama kwa sababu hiyo ya dharura huliwa siku ya pili, kisha pancha ya siku ya sita inakuwa balaa.

Ondokeni Jumatatu au Jumanne saa 11 alfajiri. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ni pana na inakwenda. Kazi inaanza baada ya hapo, Mlandizi hadi Chalinze, kwenye malori na mizani ya Vigwaza. Mkipita Chalinze kabla ya saa mbili asubuhi mmeokoa saa nzima. Wekeni macho kwenye vibao vya 50: kila kijiji kinacho, na askari wa tochi ya kupimia mwendo hukaa pale dereva anapodhani kijiji kimekwisha wakati kibao cha kuruhusu bado kiko mbele. Kosa moja ni shilingi 30,000, sawa na lita kumi za hesabu yetu. Msiendeshe usiku. Malori yaliyoharibika hubaki barabarani bila taa, na ishara pekee huwa matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami. Mkiona majani barabarani, hata mchana, punguzeni mwendo pale pale.

Morogoro tumieni milima ya Uluguru, ambayo iko juu ya mji kabisa. Njia ya Morningside, kwenye jengo la kale la Wajerumani, ni ya kupanda kwa miguu, na mtoto wa miaka 12 na wa 8 wataiweza wakianza saa moja asubuhi. Wa miaka 4 hataiweza, na kumbeba mgongoni mlimani ni mateso kwa baba na hatari kwa wote wawili. Gawanyikeni: mzazi mmoja apande na wakubwa, mwingine abaki na mdogo kwenye vijito vya bondeni. Mkitaka kuingia ndani zaidi, msitu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na kibali hulipiwa. Chukueni mwongozaji mnayeelekezwa na dada yenu, si yule atakayewafuata njiani.

Watoto wataomba Mikumi. Tunashauri mwaka huu muiache. Kutoka Morogoro kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 200, yaani kama 50,000 ya mafuta kabla ya kiingilio, na gari dogo la chini halitafika mbali ndani ya hifadhi. Ni kweli barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takribani kilomita 50, na twiga na pundamilia huonekana bila kulipa. Lakini kusimama na kushuka hairuhusiwi, na anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Fedha hiyo ipelekeni Lushoto.

Siku ya Lushoto tokeni Korogwe saa 12 asubuhi. Mombo ndipo mnapoacha barabara kuu na kupanda kilomita 33 za kona. Katikati kuna Soni, na maporomoko yake yanaonekana kutoka barabarani, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupumzisha injini na matumbo ya watoto. Lushoto mjini nunueni matunda na mboga za chakula cha jioni, kisha mwende Irente, kama kilomita sita, ambako ukingo wa mlima unakatika na mnaiona tambarare ya Wamasai chini kabisa. Bebeni masweta. Juni kule ni baridi ya kweli na ukungu hushuka bila taarifa. Mkikuta umefunga, subirini hadi saa tano, mara nyingi hufunguka.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili kuliko kupanda. Dereva wa Dar amezoea kukanyaga breki, na mteremko mrefu huzipasha pedi moto mpaka zinaacha kushika. Gari la gia za mkono lishuke kwa gia ileile ambayo lingetumia kupanda pale. La otomatiki litolewe D liwekwe 2, L au B kulingana na aina yake, injini ilishikilie gari, na breki ikanyagwe kwa vipindi vifupi kabla ya kona. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni mahali tambarare dakika 20 hadi 30. Msilimwagie maji gurudumu, diski hupinda. Muwe mmefika Mombo kabla ya saa 11 jioni.

Kurudi, mkifika Msata msiendelee Chalinze. Kateni kushoto barabara ya lami ya Msata hadi Bagamoyo, kilomita 64, mkwepe foleni yote ya Chalinze hadi Kibaha. Kabla ya hapo, Michungwani na Segera, Juni ni msimu wa machungwa. Nunueni ya zawadi za majirani. Nanasi za Kiwangwa, ambako njia hii inapita, msimu wake mkubwa ni mwishoni mwa mwaka, lakini mkizikuta msiziache. Simameni Bagamoyo kwa muda wa saa mbili hivi, watoto wanyooshe miguu, halafu mwingie mjini kupitia Bunju na Tegeta. Rudini Jumatatu au Jumanne. Jumapili jioni kila aliyekwenda mkoani anarudi Dar kwa wakati mmoja.

*Mke wangu anasema ni aibu kwenda mikono mitupu. Mimi naona mafuta ya gari yameshatumaliza. Tukifika kwa ndugu tunachangia nini hasa, na tukae siku ngapi? — Baba Asha, Mbagala*

Mkeo ana haki, kaka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la mjini ni bili ya gesi, maji na sukari. Familia ya watu watano ikiingia kwenye nyumba ya watu wanne, matumizi yanazidi maradufu, na mwenyeji hatasema.

Peleka chakula kabla ya kupeleka fedha, kwa sababu chakula hakikataliwi. Kwa watu watano kwa usiku tatu: mchele kilo 3, unga wa sembe kilo 2, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia lita 1, maharage kilo 1, majani ya chai na mche wa sabuni. Mtu mzima hula kama gramu 150 za mchele mkavu kwa mlo, kwa hiyo kilo 3 zinawatosha ninyi mlo mmoja kila siku na wenyeji wanabakiwa na akiba. Ukitoka Dar kwenda bara, ongeza samaki wa kukaanga waliokauka vizuri au dagaa. Huko ni zawadi ya thamani. Mchele nunua kwa kilo dukani kwenu, usingoje kununua kwenye vibanda vya njiani.

Fedha apewe anayepika, si baba mwenye nyumba, na apewe siku ya kufika, si ya kuondoka. Ukitoa siku ya kuondoka inakuwa asante, wakati yeye tayari ameshakopa dukani. Kama maji ya hapo hununuliwa kwa madumu, mnunulie madumu mawili ya lita 20 kila asubuhi bila kuulizwa. Bebeni shuka zenu, taulo, chandarua kimoja na mkeka. Kinachomsumbua mwenyeji zaidi ya chakula ni mahali pa kuwalaza watoto.

Piga simu wiki mbili kabla, taja siku ya kufika na ya kuondoka, na idadi kamili ya watu. "Tutakuja likizo" si taarifa. Usiku tatu ni kipimo kizuri kwa ndugu wa rika lenu. Kwa wazazi hakuna kipimo, lakini hapo mkeo na watoto wakubwa waingie jikoni kuanzia siku ya kwanza, nawe ukague bati linalovuja au kitasa kilichoharibika. Wazee hukumbuka hilo kuliko kitenge.

*Gari langu la zamani halijawahi kutoka nje ya Dar. Fundi anasema liko sawa. Mimi mwenyewe nikague nini? — Kijana wa Kimara*

Fundi amelipima kwa mwendo wa mjini. Barabara kuu inapima vitu vitatu ambavyo foleni haipimi: matairi, upozaji wa injini na breki.

Anza na matairi. Ubavuni pana tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka sita usisafiri nalo hata kama meno yake yanaonekana mapya. Mpira umekauka, na matairi mengi ya mtumba yanayopasuka barabarani yana meno mazuri tu. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa dereva. Tumia cha gari lenye mzigo kama kimetajwa. Watu hupunguza upepo ili "gari liwe laini". Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, likapata joto, na kwa mwendo wa 80 mchana wa jua ndivyo linavyopasuka.

Tairi la spea lipimwe pia. Kisha, nyumbani, shusha gurudumu moja kwa jeki yako na spana yako. Nati zilizofungwa kwa mashine gereji mara nyingi hazifunguki kwa spana ndogo ya gari, na ni heri uligundue hilo Kimara kuliko Mkata saa tisa mchana.

Rejeta: fungua kifuniko injini ikiwa baridi tu. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, yamwage, isafishwe, itiwe kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya bomba huchemka mapema na kuziba njia kwa kutu. Bana mipira ya rejeta kwa vidole. Ikiwa migumu kama plastiki au imevimba karibu na vibano, badilisha. Oili ya breki nayo ibadilishwe kama imezidi miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu, na kwenye mteremko mrefu unyevu huo unachemka, pedali ikazama mpaka chini.

Yabaki ya sheria: leseni, bima hai, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, pembetatu mbili za kuakisi, mikanda inayofunga. Kabla hujaondoka angalia kwa namba ya gari kama kuna faini ya zamani kwenye mfumo wa Polisi. Ukikamatwa, pokea kontroli namba ulipe kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi.

*Nataka kumpeleka mama yangu, miaka 70, Bagamoyo Jumapili moja kwenda na kurudi. Goti lake halimruhusu kutembea sana. — Binti wa Kinondoni*

Bagamoyo ni kama kilomita 65, na inamfaa mzee, mkipanga kwa kufuata kivuli na maji. Fikeni saa tatu asubuhi mwanze na magofu ya Kaole, nje kidogo ya mji upande wa kusini, kabla jua halijakaza. Pale kuna msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yenye minara ya mawe. Ardhi ni ya mchanga na mizizi, kwa hiyo omba mwongozaji aanze na makaburi ya karibu na mbebe kiti cha plastiki. Msilazimishe kuzunguka kote.

Saa tano nendeni kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Huko kuna miti mikubwa, viti na jumba la makumbusho, na mwili wa Livingstone ulilala hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mwonyesheni mama mbuyu uliopandwa na wamisionari. Shina lake limemeza mnyororo.

Kuhusu bahari, wengi hufika wakakuta tope hadi mbali wakasema pwani imeharibika. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji ya pwani yetu hupwa saa nne au tano asubuhi na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, ni kinyume: hujaa karibu saa nne au tano asubuhi. Tazama mwezi, uchague Jumapili yako.

Chakula bebeni, lakini si wali wa nazi. Huchacha kabla ya saa sita mchana ndani ya gari lenye joto. Chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa na ndizi vinafika jioni salama. Nyama iwe ya kukaanga ikakauka, si ya mchuzi.

*Hatuna gari. Tuko wawili na mtoto wa miaka 3. Tukodi au tupande treni kwenda Morogoro? — Wanandoa, Gongo la Mboto*

Treni, bila kusita. Nauli ya daraja la kawaida ya treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, Dar hadi Morogoro, safari zilipoanza Juni 2024, ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na mdogo zaidi bure. Kwa viwango hivyo mnalipa 26,000 kwenda. Gari la cc 1500 lingekula kama 49,000 za mafuta kwa njia hiyo hiyo, kabla hujalipia kulikodi. Familia ya watano yenye gari lake ndiyo inayokaribia kulingana na treni. Hakikisheni nauli ya sasa, kateni tiketi mapema kwa siku za kufunga shule, na bebeni vitambulisho. Tengeni na fedha ya bajaji ya kuwafikisha kwa ndugu, maana kituo cha Morogoro si katikati ya mji.

*Mtoto wangu hutapika kila tukisafiri. Nimpe nini? — Mama wa Ukonga*

Mpe mlo mdogo mkavu saa moja kabla: mkate au kiazi, si chai ya maziwa wala chipsi. Tumbo tupu nalo hutapisha. Akae mahali anapoona barabara ya mbele, dirisha liwe wazi kidogo, asishike simu wala kitabu. Macho yakitazama kitu kilichotulia huku mwili unayumba ndipo kichefuchefu huanza. Simameni kila saa moja na nusu, na kwenye kona za mlimani kila dakika 20. Dawa za kuzuia kutapika zipo famasi, lakini kipimo kinategemea umri na uzito, kwa hiyo mwulize mfamasia, na zinywewe kabla ya kuondoka. Akishaanza kutapika hazikai tumboni. Weka mifuko miwili mizima isiyovuja, chupa ya maji na fulana ya kubadilisha chini ya kiti cha mbele, si kwenye buti chini ya mizigo.